Kushoto kwa Nani

"Kushoto kwa nani?" Oyoo aliuliza.

Inspekta Mwongeli alikuwa bado akihema. Alikuwa amepanda orofa nne kwa miguu, kwa kuwa lifti ya jengo hilo la River Road ilikuwa na kibao cha "Inatengenezwa" ambacho maandishi yake yalishaanza kufifia. Alikuja na swali moja, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa.

"Kushoto ni kushoto, Oyoo. Mkono wako wenye saa."

"Huo ni wangu. Nikigeuka nikuangalie, uko upande wako wa kulia." Oyoo alivua hedifoni na kuziacha shingoni. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, na ishirini kati ya hiyo alikuwa ameitumia kuchanganya nyimbo za watu wengine katika chumba hicho, mashine za kuchapa kadi za harusi zikinguruma nyuma ya ukuta. "Kwa muziki, Madam, kushoto hakutoki mbinguni. Maiki moja haijui kushoto wala kulia, inasikia tu. Mchanganyaji ndiye anachukua ile sauti anaisukuma kwa spika ya huku ama ya kule. Sasa, kuna wale wanasukuma kama mtu ameketi mbele ya bendi. Na kuna wale wanasukuma kama mpiga ngoma, ameangalia watu. Kushoto ya hao wawili si moja."

"Na huyu alisukuma vipi?"

"Sijui."

"Ripoti ya mtaalamu haina neno 'sijui'."

"Ndiyo maana ni fupi."

Mwongeli alifungua jalada, ingawa alilijua kwa moyo. Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na dakika kumi alasiri, mtayarishaji wa muziki Ken Waithaka aliuawa ndani ya studio yake huko Ngara. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta zote zimefunikwa sponji. Walikuwamo watu watatu. Ken alikuwa mezani kwenye kompyuta. Mbele yake, upande wa kushoto, Isaiah Oduor alikuwa kwenye ngoma. Upande wa kulia, Gerishon Njuguna alikuwa kwenye kiti chake na gitaa. Wakiwa katikati ya wimbo, stima ikapotea. Kompyuta ilikuwa na betri, ikaendelea kurekodi gizani. Gerishon alipowasha taa ya simu, Ken alikuwa sakafuni na kichwa kimepasuka, na kando yake kishikilia maiki chenye kitako cha chuma.

Kila mmoja alisema ni mwenzake. Alama za vidole za wote wawili zilikuwa kwenye chuma hicho, kwa sababu wote wawili walikibeba kila siku ya kazi. Kilichobaki ni rekodi. Mtaalamu aliisikiliza na kuandika kurasa mbili: kiti kinasikika kikisogea kushoto, hatua tatu, kisha pigo. Kushoto alikuwako Isaiah. Majirani nao walikuwa wamemsikia akibishana na Ken siku iliyotangulia. Ikatosha. Kesho asubuhi, Ijumaa, Isaiah alitakiwa kusimama kortini kusomewa shtaka la mauaji, na mkuu wa kituo, OCS, alikuwa amepiga simu mara mbili tangu saa mbili kuuliza kama karatasi ziko tayari.

Kesi nzima ilikuwa imesimama juu ya neno moja, na neno lenyewe sasa lilikuwa na wenyewe wawili.

"Nani anaweza kujua Ken alikuwa anasukuma vipi?"

"Mtu aliyefanya kazi na yeye."

"Mmoja wao yuko selo."

"Basi muulize wa selo," Oyoo alisema. "Wa nje atakuambia kile kinamfaa."

Mwongeli alishuka zile ngazi bila kuaga.

*

Peres, mkewe Isaiah, alikuwa kwenye benchi la mapokezi ya kituo cha polisi, pale pale alipokaa kila siku kwa siku tisa, kikapu cha chakula magotini. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Madam, nimesikia ni kesho."

"Ni kesho, mama. Keti."

Isaiah aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amepungua. Alikuwa mtu mkubwa wa mabega, na shati lile lile alilokamatwa nalo lilikuwa limeanza kumning'inia. Mwongeli hakutaka kupoteza muda.

"Ken alipochanganya nyimbo, ngoma zako alizisukuma upande gani?"

Isaiah alifikiri. Hakuuliza kwa nini anaulizwa.

"Alikuwa anachanganya vile anatuona kutoka mezani. Ngoma kushoto kidogo, gitaa kulia."

"Kila wimbo?"

"Kila wimbo. Mimi nilikuwa nataka aweke vile mpiga ngoma anasikia. Akasema msikilizaji hajakaa kwa kiti yangu."

"Huo ndio ubishi majirani walisikia Jumatatu?"

"Ndiyo huo. Tumebishana hivyo miaka saba, Madam. Baadaye tunaenda kula samaki."

Mwongeli alifunga daftari lake polepole. Mlango pekee uliokuwa wazi kwa mtu huyu, yeye mwenyewe alikuwa ameufunga kwa mkono wake. Kama Ken alisukuma sauti kama mtu wa mezani, basi kushoto kwa rekodi kulikuwa kushoto kwa chumba, na kushoto kwa chumba kulikuwa na Isaiah. Mtaalamu alikuwa sahihi.

Lakini mtu mwenye hatia angeuliza kwanza jibu lipi linamsaidia. Huyu alijibu kama aliyeulizwa njia ya kwenda sokoni.

Alitoka nje ya kituo akampigia Oyoo.

"Alisukuma kama mtu wa mbele," alisema. "Kila wimbo."

"Basi kuna kitu hakiketi sawa. Rudi, Madam."

"Niambie kwa simu."

"Kwa simu huwezi kusikia. Simu yako inaleta kila kitu sikio moja."

"Oyoo, ni orofa nne."

"Najua. Mimi hupanda kila siku."

*

Safari hii Oyoo alimvalisha hedifoni yeye mwenyewe, akahakikisha kila sikio liko upande wake, kisha akarudisha rekodi nyuma, kabla ya stima kupotea. Bendi ilikuwa ikipiga.

"Sikia gitaa. Iko wapi?"

"Kulia."

"Sawa. Sasa ngoja pale linanyamaza. Kuna mwangwi unabaki chumbani kidogo, kama mtu ametoka na mlango bado unatikisika. Huo uko wapi?"

Ilimbidi kusikiliza mara nne. Mara ya tano alisikia: gitaa likanyamaza kulia, na mkia wake mdogo ukapotelea kushoto.

"Kushoto," alisema. "Hilo ni kosa?"

"Ama ni urembo. Wengine hufanya makusudi, sauti huku, mwangwi kule, ili wimbo uwe mpana. Hata mimi hufanya."

Mwongeli alivua hedifoni akaziweka mezani kwa uangalifu wa mtu anayejizuia kuzitupa. "Kwa hiyo nimepanda hapa mara mbili kusikia kwamba inaweza kuwa kosa, na inaweza kuwa urembo."

"Lakini Ken hakupenda urembo huo. Umesema mwenyewe, alitaka kila kitu kikae mahali kiko. Halafu hii ni rekodi ya mazoezi, Madam. Nani anarembesha mazoezi? Hapa uliniletea chakula kimeshapikwa. Mimi nataka kuona jikoni. Kompyuta ya Ken iko wapi?"

"Kwenye stoo ya vielelezo."

"Ndani yake kila maiki ina mstari wake peke yake, haijachanganywa na mwingine. Nifungulie hiyo."

*

Kumfungulia kulichukua saa mbili na robo. Mtunza stoo alitaka sahihi ya OCS, OCS alikuwa mkutanoni, na fomu ya kutoa kielelezo ilikuwa imekwisha kituoni ikabidi kutoa nakala kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Mwongeli alijaza mistari yote kwa herufi kubwa. Kifuniko cha kompyuta kilifunguliwa mbele ya mashahidi, data zote zikanakiliwa kwenye mashine nyingine, kompyuta yenyewe ikafungwa upya kwa lakiri. Ni ile nakala tu Oyoo aliyoruhusiwa kugusa. Konstebo Sifuna, aliyekuwa wa kwanza kufika Ngara siku ya tukio, aliketi kando akiandika kila hatua.

Kwenye kioo ilijitokeza mistari kumi na mmoja. Tisa ilikuwa ya maiki za karibu, za ngoma, gitaa na sauti. Miwili ya chini iliitwa Ukuta 1 na Ukuta 2.

"Maiki mbili za ukutani," Oyoo alisema. "Moja kila upande, juu, za kunasa hewa ya chumba. Hizo ndizo zilisikia kila kitu gizani. Ukuta 1 umesukumwa kushoto. Ukuta 2, kulia."

"Kwa hiyo Ukuta 1 ni ukuta wa Isaiah."

"Hiyo ndiyo kila mtu ameamini. Tuachane kabisa na kushoto na kulia. Tuulize hii maiki jirani yake alikuwa nani."

Alinyamazisha mistari yote, akaacha Ukuta 1 peke yake, akaicheza kutoka mwanzo wa wimbo. Hapakuhitajika hedifoni. Gitaa lilijaa chumba cha stoo, kubwa na karibu, hata kukwaruza kwa kucha kwenye nyuzi kukasikika. Ngoma zilikuwa mbali nyuma yake.

Sifuna aliacha kuandika.

"Hiyo maiki iko juu ya nani?" Oyoo aliuliza.

"Gitaa," Mwongeli alisema. "Iko juu ya Gerishon. Endelea."

Stima ikapotea. Gitaa likakatika. Mtu akacheka kidogo, pengine Ken. Kisha, karibu kabisa na maiki ile, kiti kikasogea. Hatua moja, ya pili, ya tatu, kila moja ikiwa mbali kidogo kuliko iliyotangulia. Halafu pigo.

"Ukuta 2," Mwongeli alisema.

Oyoo alibonyeza. Ngoma zilikuwa kubwa, kisha stima ikapotea, na baada ya hapo kimya kitupu. Oyoo akasogeza uso karibu na kioo. "Hapa mtu ameshusha sauti. Si kwa wimbo wote. Kutoka dakika stima ilipotea mpaka mwisho. Ona huu mchirizi, umechorwa na mkono." Akaupandisha.

Kukasikika mgongano mdogo mkavu. Tak, tak, ta-tak. Vijiti vya ngoma, taratibu, kwenye kitambaa cha suruali. Kiti kilisogea kwa mbali sana, na vijiti vikaendelea. Hatua tatu za mbali, na vijiti vikaendelea. Pigo likaja, na vijiti vikagonga mara mbili zaidi kabla ya kusimama. Kisha sauti ya Isaiah, karibu, ya mtu asiyeelewa: "Ken? Nini imeanguka?"

Mwongeli alifungua jalada akatafuta taarifa ya kwanza ya mshukiwa. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wa Sifuna: Anadai kuwa alikuwa akigonga vijiti kwenye goti akingoja stima. Madai hayasikiki kwenye rekodi.

Alimsogezea Sifuna ukurasa huo. Sifuna aliusoma akaweka kalamu chini.

"Oyoo, huo mchirizi ulichorwa lini, na hizo maiki za ukutani ziligeuzwa pande lini?"

"Faili ilihifadhiwa mara ya mwisho Jumanne hiyo, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni."

"Saa hiyo Ken alikuwa mochari." Mwongeli aligeuka. "Konstebo. Ile rekodi iliyopelekwa kwa mtaalamu ilikuja kwa flashi. Nani aliiweka kwenye flashi?"

Sifuna alijikuna shingo. "Tulikuwa tunahitaji haraka, Madam. Mimi hizo mashine sizijui."

"Sikukuuliza unajua nini."

"Gerishon. Alisema anaweza kutusaidia."

"Na wewe ulikuwa wapi akikusaidia?"

"Mlangoni. Ndani kulikuwa na joto."

Mwongeli alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini, na kwa miaka hiyo yote alikuwa hajampigia mtu kelele kazini. Aliangalia dari ya stoo mpaka hamu hiyo ikapita.

"Oyoo, andika taarifa. Andika ulichosikia na ulichoona. Usiandike unachofikiri. Sifuna, leta gari. Ukiwa kwa usukani, usiongee na mimi."

*

Walimkuta Gerishon Njuguna saa tisa na nusu katika ukumbi wa kanisa huko Karen, akiwa peke yake nyuma ya meza ya sauti, akitayarisha mazoezi ya Jumapili. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka arobaini, miwani safi, shati limepigwa pasi. Nje mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine.

"Karibu, Madam. Poleni na kazi."

"Tumepoa. Gerishon, siku ile ulimsaidia Konstebo kutoa rekodi."

"Ilikuwa lazima. Ken alikuwa ndugu yangu."

"Ulibadilisha kitu?"

"Nilitoa vile ilikuwa."

"Hukusukuma maiki yoyote upande wowote. Hukushusha yoyote."

"Ningewezaje? Damu yake ilikuwa bado hapo chini."

Sifuna aliandika majibu yote mawili. Mwongeli alitoa mashine ndogo aliyobeba na hedifoni za Oyoo. "Sikiliza basi, uniambie kama ndivyo ilivyokuwa."

Gerishon alivaa. Mwongeli alimchezea Ukuta 1 peke yake, kisha Ukuta 2 peke yake, huku akitazama mikono. Kwa ile ya kwanza mikono haikutingishika. Kwa ya pili, vijiti vilipoanza, mkono wa kulia uliondoka magotini ukaenda kwenye meza ya sauti, kidole juu ya kitufe cha kushusha, ingawa meza ile haikuwa imeunganishwa na chochote. Aliona kwamba ameonwa, akaurudisha.

"Mtu anaweza kupita upande wangu gizani," alisema.

"Anaweza. Isaiah aliinuka upande wako, akatembea, akapiga, na wakati huo huo alikuwa ameketi upande wa pili akigonga goti lake?"

Mashine ya nyasi ilizimika nje. Gerishon alivua miwani akaipangusa kwa pindo la shati, ingawa haikuwa chafu.

"Unajua gitaa yangu iko wapi kwa nyimbo za Ken?" aliuliza.

"Kulia."

"Kulia mwisho kabisa. Miaka tisa. Mamangu ako na redio ya zamani nyumbani, spika ya upande mmoja ilikufa. Wimbo wetu ukipigwa anaita majirani, halafu ananipigia simu ananiuliza, sasa wewe uko wapi hapo ndani? Nikamwambia Ken, nisogeze tu kidogo katikati. Kila albamu nilimwambia. Siku hiyo, kabla Isaiah hajafika, akanijibu kwamba hii mpya hata upande hautakuwako. Alikuwa amepata mpiga gitaa mwingine, anafuta zangu zote. Aliniambia hivyo huku anaangalia kioo. Halafu tukiwa tunapiga, stima ikapotea, na akacheka."

"Na Isaiah?"

"Isaiah alikuwa karibu na katikati siku zote," Gerishon alisema. Alisema tu hivyo, kana kwamba kilikuwa kisingizio kamili.

Mwongeli alimwambia anamkamata kwa mauaji ya Ken Waithaka, kwamba halazimiki kusema zaidi, na kwamba lolote atakalosema litaandikwa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba alilazimika kuanza sentensi hiyo upya.

*

Saa kumi na moja na dakika arobaini OCS alitia sahihi, baada ya kuuliza mara tatu kwa nini jambo hili halikujulikana mapema. Isaiah alirudishiwa mkanda, simu na vijiti vyake kwenye mfuko wa plastiki. Peres alimshika mkono hapo kaunta na hakuuachilia, hata Isaiah alipotakiwa kuweka sahihi, kwa hiyo akaandika jina lake kwa mkono wa kushoto, kwa shida.

Mwongeli alimweleza yote kwa ufupi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza alisema, "Taarifa yako ya kwanza ilikuwa ya kweli. Tulipaswa kuiangalia vizuri zaidi. Naomba radhi."

Isaiah alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua.

"Sasa Ken atazikwa lini?" aliuliza. "Nataka niongee na mamake kabla ya hiyo siku."

Peres aliinamisha uso. Mwongeli alielewa kwamba hakuna aliyemwambia, siku zote hizo za chakula na mahojiano.

"Alizikwa jana," alisema. "Nyumbani kwao, Limuru."

Isaiah aliketi kwenye benchi, mfuko wa plastiki mkononi. Askari wa zamu akaacha kupiga muhuri.

"Nani alipiga muziki?"

Ripoti ya mazishi ilikuwa kwenye jalada. Sifuna alikuwa ametumwa kuangalia waliohudhuria, na alikuwa ameandika kila kitu, mara hii bila kukosea. Mwongeli angeweza kusema hajui.

"Gerishon," alisema. "Alisimama mbele, karibu na jeneza. Alipiga peke yake."